Kwa Lemburis
Kwenye Hiace ya Ngaramtoni, Pudensiana, aliyehamia huko mwaka juzi kutoka Kaloleni, alimwamkia mzee wa pembeni yake na kumuuliza anashukia wapi.

“Kwa Lemburis.”

“Hicho kituo sikijui, mzee. Mimi nashukia Geti Jekundu.”

“Ni hapo hapo. Lemburis ni marehemu baba yangu. Hilo geti ni la nani?”

“Langu.”

“Umeliweka kwenye njia ya ng'ombe.”

“Hati ninayo.”

“Na ng'ombe njia wanayo.”

Walipokaribia, mzee akaita, “Kwa Lemburis, shusha.” Konda hakulijua jina hilo. Pudensiana angeweza kumsaidia, ila alitaka mzee alitaje geti kwa mdomo wake mwenyewe. Gari likapita. Wakashushwa sokoni wote wawili, wakarudi kwa miguu, kila mtu na upande wake wa barabara.