Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Mwenyekiti wa chama chetu alinipa dakika kumi. Nikaomba ishirini, tukapatana kumi na tano, kwa hiyo salamu zangu ni fupi: hamjambo nyote, Waislamu na Wakristo, wenye akiba na wenye madeni. Wengi mnanijua, mimi ndiye muuza mukene wa hapa Wanyange, yule mnayesema dagaa wake ni wazuri ila mdomo wake ni mkali. Leo nasema habari za dada yangu wa Mbale. Majina sitaji, maana baadhi ya wahusika wana simu na wanajua kunipigia.

Dada yangu ananizidi miaka minne. Anakaa Namatala, anauza mitumba ya watoto. Mwaka jana alianza kutokwa damu wakati si wake. Akanyamaza. Akanunua vidonge, akanyamaza tena. Tulipomfikisha hospitali tukaambiwa ni saratani ya shingo ya kizazi, na imeshatembea.

Daktari alikuwa mtu wa adabu. Alituketisha akasema, "Mama, sitawadanganya. Kuiondoa yote hatuwezi. Lakini akipigwa mionzi kule Kampala, damu itakata, maumivu yatapungua, na atapata muda mzuri."

Nikamuuliza, "Muda kiasi gani?"

"Huo sipimi mimi."

"Na bei?"

Hiyo alipima. Vipimo, dawa, chumba cha kulala Kampala wiki zote hizo, chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza: milioni nne. Nilipiga hesabu upya nikidhani nimezidisha. Kumbe nilikuwa nimesahau nauli ya kurudi.

Ndugu zangu, nawaambia, wakati huo dada yangu alikuwa halali. Anakaa kwa ubavu mmoja, anauma kanga asiwaamshe watoto. Sikuwa naomba muujiza. Niliomba damu ikate, na yeye apate usingizi.

Tukaitisha kikao cha ukoo, nyumbani kwa kaka yetu mkubwa hapa Jinja. Mnajua vikao. Tulikunywa soda za elfu thelathini, tukachanga elfu ishirini na tano. Nilipouliza wakubwa wametoa nini, shangazi akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi changu nimekiweka kwa siku ile."

"Siku ipi, shangazi?"

"Usinilazimishe kutamka."

Kumbe kila mmoja alikuwa na chake cha siku ile! Mmoja ameahidi hema. Mwingine basi la kutoka Jinja kwenda Mbale, kwenda na kurudi. Mwingine magunia ya mchele. Na baba yetu mdogo, Mungu ampe afya, alikuwa ametenga fahali mzima kwa ajili ya arobaini.

Nikamwambia, "Baba mdogo, tumuuze huyo fahali wiki hii."

"Fahali wa arobaini haliwi kabla."

"Hatumli. Tunamuuza. Dada hahitaji nyama, anahitaji mionzi."

"Wewe mtoto wa soko, kila ukionacho unakitafutia mteja! Na watu wakija wasikute kitu, aibu ni ya nani? Yako?"

Nikajumlisha kichwani: hema, basi, mchele, fahali. Ilizidi milioni nne. Dada yangu mgonjwa alikuwa maskini, lakini maiti yake ilikuwa tajiri.

Miezi miwili nilizunguka. Nilipiga magoti kwenye sebule zenye televisheni pana kuliko mlango wangu. Nilipewa chai, nikapewa dua, nikapewa majina ya mitishamba. Pesa zote pamoja zilifika laki nne.

Hapo kaka akapata wazo la kutengeneza kadi ya kutuma kwenye simu. Akapeleka picha ya dada kwa fundi mmoja mjini. Sasa fundi huyo, kazi yake kubwa ni matangazo ya misiba, na mtu hufanya anachokizoea. Akaweka picha katikati. Akazungushia maua meupe. Akachora mishumaa miwili, sisi Waislamu! Juu akaandika "Dada Yetu Mpendwa." Chini yake mwaka wa kuzaliwa, kisha kistari, kisha nafasi tupu. Yale maneno ya kuomba mchango wa matibabu yakawekwa chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kaka hakuvaa miwani. Akaituma kwa ukoo wote na marafiki wa ukoo, asubuhi, kabla ya chai.

Mimi nilikuwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, napimiwa mukene. Mteja wangu mmoja akaja mbio, akanikumbatia, akalia.

"Nyabo, mama," nikamwambia, "kuna nini?"

"Pole, pole sana kwa dada yako."

Beseni liliniponyoka. Nikapiga simu Mbale. Ikapokelewa na dada mwenyewe.

"Dada! U hai?"

"Niko hapa namenya ndizi. Kwani kuna nini? Mbona majirani wananiletea viti?"

Nikakaa chini, pale pale kwenye dagaa wa watu, nikacheka na kulia. Na wakati nacheka, simu ikaanza kulia. Pesa inaingia. Elfu ishirini, elfu hamsini, laki. Kwa kaka nako hivyo hivyo. Watu walionipa dua tupu sasa wanatuma mabugo, rambirambi, bila kuombwa na bila kuchelewa. Kufika magharibi zilikuwa milioni mbili na laki tatu. Nilihesabu, nikampa kaka naye ahesabu.

Kaka akaandika kwa wote: samahani, dada yetu yuko hai, ile ni kadi ya kuomba mchango. Mngetegemea watu washangilie, sivyo? Wengi walishangilia, sitawaonea. Lakini wengine! "Alhamdulillahi yuko hai. Basi nirudishie yangu." Hivyo hivyo, ujumbe mmoja, na nukta mwishoni.

Binamu yetu mmoja wa Kimaka, mstaafu wa jeshi, ukoo mzima tunamwita Afande, alinipigia mwenyewe. "Nilituma laki moja na nusu ya mazishi. Mazishi hakuna. Rudisha."

"Afande, hesabu kwamba umetanguliza."

"Jeshini hatutangulizi maiti."

Na kaka, kwa aibu, akataka kurudisha zote. Akasema pesa ya msiba ikitumika kwa mtu aliye hai ni mkosi, inamwita Izraili. Tuligombana mpaka mke wake akafunga dirisha. Nikamwambia, "Izraili anajua njia ya Namatala bila sisi kumwelekeza." Hakucheka. Pesa nyingi zilikuwa kwenye simu yake. Mwisho tukapatana tuende Mbale, mwenye msiba aamue.

Dada akatusikiliza akiwa amelala kwa ubavu ule ule. Kisha akanyoosha mkono. "Nipigieni huyo Afande. Sauti ya juu, wote msikie."

Ikalia mara moja tu.

"Afande, assalaam alaykum. Mimi ndiye marehemu."

Dada akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nasikia unadai."

"Dada... si hivyo, mimi nilisema tu..."

"Nisikilize. Ulinipa laki na nusu nizikwe. Nakusamehe mazishi. Usije. Usilete mchele, usinililie. Niachie hii leo, na siku nikifa hunidai, sikudai. Tumepatana?"

"Dada, nitaachaje kuja kukuzika? Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga kiatu."

"Basi njoo sasa, nikiwa nakuona. Nauli ni ile ile."

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa sokoni, lakini biashara kama ile sijaiona. Afande alikuja Jumamosi. Akakaa kwenye mkeka, magoti yake marefu yakimsumbua, akamshika dada mkono, na mtu aliyetutisha sisi wadogo utoto mzima akalia kama mtoto. Akaondoka ameongeza elfu hamsini, akanikabidhi mimi, hakumwamini kaka na simu yake.

Dada akampigia na baba mdogo. "Baba, huyo fahali wangu hajambo?"

"Hajambo, mwanangu. Amenenepa."

"Muuze. Arobaini yangu nataka chai."

"Chai tupu? Watu watasema nini?"

"Watasema walikunywa chai."

Akauzwa. Nilikwenda mnadani naye, maana baba mdogo alikuwa tayari kupokea milioni moja na laki mbili, tena akishukuru. Tuliondoka na moja na nusu. Wawili walioshikilia warudishiwe, tuliwarudishia, laki moja kwa jumla, na gharama ya kutuma nililipa mimi. Iliniuma zaidi ya laki yenyewe. Hata hivyo zilitosha, nauli ya kurudi ikiwemo.

Alipigwa mionzi. Damu ilikata. Hajapona, na sitasimama hapa niwauzie uongo. Ugonjwa upo, na daktari hajabadilisha neno. Lakini kuna nesi anayemletea dawa ya maji ya maumivu, haimgharimu kitu, na dada yangu analala. Juzi alikaa kwenye meza yake ya mitumba nusu siku, akagombana na mteja juu ya soksi. Nilifurahi kuliko mteja.

Namshukuru daktari aliyetuambia kweli, na nesi huyo. Namshukuru baba mdogo, alishinda aibu yake. Na yule mteja aliyenikumbatia mwaloni: alituma elfu ishirini na hakuuliza tena.

Sasa fundisho langu, na ni ombi pia. Chama chetu kina mfuko wa maziko. Mwanachama akiugua tunatuma "pole" kwa simu. Akifa tunafungua mfuko. Mimi naomba nusu itoke mtu akiwa bado anaweza kusema asante. Naona mzee wa pale pembeni anatikisa kichwa, anataka kuuliza, na akipona? Akipona, mzee wangu, chama kimefaidi. Ataendelea kulipa.

Na kuna mwenzetu mmoja ambaye kiti chake kimekuwa kitupu wiki hizi. Sote tunajua anaumwa nini, na sote tumenyamaza kwa heshima. Heshima hiyo hainunui dawa. Mimi natoa elfu hamsini, hizi hapa mezani. Mweka hazina, pokea.

Nani anafuata?