Futi Mbili Zilizobaki Kwa Ndolo

Leo, tarehe 30 Juni 1996, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Mzee Josephat Ndululu anarudisha funguo, kofia ya kazi na ile baiskeli ambayo breki zake ni viatu vyake mwenyewe. Mradi wetu wa maji hapa Ikutha haujawahi kumuaga mtu aliyekaa muda mrefu hivyo. Hata mimi karani wa stoo, niliyetoka Murang'a mwaka wa 1970 nikidhani nitakaa miezi sita, nilimkuta hapa, na sasa ndiye anayeniacha.

Aliajiriwa mwaka wa 1964 kuangalia injini ya dizeli iliyovuta maji ya kisima kirefu pale sokoni. Aliipa jina Mama Mkwe. Alisema ukifika mbele yake unainamisha macho, unaongea kwa heshima, na husogei karibu bila sababu. Nilicheka sana, mpaka asubuhi moja aliposhikwa na homa nikaenda kuiwasha mimi, tena kwa matusi. Ile hendeli ilirudi nyuma ikanivunja mkono. Ndululu aliniletea uji hospitalini. Mabega yalimtingishika kwa kicheko hadi nesi akamtoa nje.

Mwaka wa 1974 bei ya dizeli ilipanda mpaka Mama Mkwe akawa ananyamaza wiki nzima. Nchi za mbali ziligombania mafuta, na huku kwetu akina mama wakawa wanarudi nyumbani na mitungi mitupu. Jambo hilo lilimuuma. Alijiuliza kwa nini maji ya Ikutha yangoje meli ya mafuta ilhali bibi yake alifukua mchanga wa mto mkavu akanywa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaomba apelekwe kusomea ujenzi wa kuta za kuzuia mchanga mitoni, akarudi fundi.

Kwa asiyejua, ukuta hujengwa kuukatiza mto. Mvua inaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani yake ambapo jua haliyafikii. Lakini ukuta hauinuliwi mara moja. Unajenga futi mbili tatu, unangoja mvua, mchanga ujae, ndipo unaongeza. Ukiharakisha, maji yanatulia nyuma ya ukuta mrefu na kuacha tope, na tope halikupi maji ya kunywa.

Ndululu alilijua hilo, na bado akakosea. Ninaliandika kwa sababu yeye mwenyewe alinionya nisiliruke. Mwaka wa 1978, katika mto wa Kwa Ndolo, akina mama wa mwethya, kile kikundi chetu cha kazi ya pamoja, walishuka na mawe na nyimbo. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Kalondu. Kila kijiji kilitaka kukishinda kingine. Simiti ilikuwapo, mawe yalikuwapo, nyimbo zilikuwa tamu, na Ndululu akaona haya kuwaambia watu waliochangamka hivyo wasimame. Kwa wiki sita ukuta ukafika futi kumi.

Novemba mvua ikanyesha, mto ukajaa, tukapiga makofi, mchungaji akaomba. Kufika Agosti walichimba wakakuta tope lililopasukapasuka. Wakarudia safari ya maili saba kutafuta maji.

Jumapili iliyofuata Ndululu aliomba nafasi kanisani baada ya matangazo. Siku hizo msimamizi hakuomba msamaha mbele ya akina mama, awe Mkamba awe Mkikuyu, sote tulikuwa wale wale. Alisema kazi yao ilikuwa nzuri, kosa lilikuwa lake, na futi saba za ukuta lazima zibomolewe. Mimi, benchi la nyuma, nilitamani ardhi inimeze. Mama Kalondu aliuliza swali moja tu, kwamba nyundo ya kwanza itapigwa na nani. Ndululu akajibu ni yeye.

Jumanne alikuwa mtoni jua halijatoka. Akina mama walikuja wote, ingawa siku hiyo hakuna aliyeimba. Tope walilibeba kwa karai hadi mashambani, na msimu uliofuata sukuma wiki ya Kwa Ndolo ilikuwa na majani mapana ajabu.

Ukuta uliinuka upya, kidogo kila mwaka, ukamalizika 1983. Mwaka uliofuata ndio ule wa njaa. Ng'ombe walikufa, Mama Mkwe hakuwa na tone la dizeli, lakini Kwa Ndolo mtu akifukua mchanga hadi kiwiko, maji yalikuja. Watu walileta punda kutoka mwendo wa siku nzima. Nilikunywa maji yale, na ninamshukuru Mungu kwa mtu aliyekubali kubomoa.

Tangu hapo, ukimletea Mzee jambo la haraka, jibu ni moja: acha mchanga ufike. Alimwambia hivyo hata dereva wetu Mutie, aliyetaka kuoa baada ya wiki mbili. Mutie hakusikia, na leo yeye na mkewe wana watoto watano na furaha tele. Basi hata Mzee hukosea mara ya pili.

Sasa upo ukuta wa pili katika mto ule ule, mbele kidogo upande maji yanakotoka, na umebakiza futi mbili. Ofisi ilitaka umalizike kabla ya leo, na bamba lenye jina lake libandikwe juu. Mvua za Machi zilikuwa haba. Mwezi wa Mei alikwenda peke yake mara tatu, akafukua kwa mkono, akakuta mchanga haujafika. Alilitaka bamba lile, jamani, alilitaka sana. Lakini alirudi akakataa ukuta umalizwe. Alipokuja kuniambia alikuwa anafuta macho, akasingizia vumbi. Stoo yangu haina vumbi.

Kwa hiyo bamba liko kwangu, limefungwa kwa gunia. Mama Kalondu, ambaye bado ni mwenyekiti, ametuma ujumbe kwamba mbuzi yupo na kikapu cha kiondo kimeshasukwa, lakini mwethya hautoi zawadi leo. Itatolewa siku ukuta utakapomalizika. Mzee aliponung'unika, aliambiwa aache mchanga ufike. Ameandikishwa mwanachama wa kawaida, na anatakiwa kufika na karai lake mwenyewe.

Mzee wetu, asante. Wewe na mama watoto, Nthenya, tunawaombea afya, usingizi mtamu na mvua ya kutosha. Pumzika, ila usiende mbali. Nyundo ya kwanza uliipiga wewe, na jiwe la mwisho hatutaliweka kabla hujafika.

Kinuthia, karani wa stoo