Kisu ya Kupinda

Hapa Mogogosiek, nyuma ya posho mill, kuna benchi ambayo siku ya soko ni ya watu wa visu. Mimi ni Kipkemoi, lakini wananiita Mpini, kwa sababu natengeneza mipini tu, moto siutaki. Kando yangu hukaa Kipyegon, jina lake Springi, anayefua visu kwa springi za lori, na ndiyo kazi inayomlisha. Halafu Ogeto, fundi wa mashine kwa kiwanda cha chai huko chini. Huyo hutengeneza kisu Jumapili baada ya kanisa, kwa raha zake, kwa tupa zilizoisha meno, basi tukamwita Tupa. Chai tunauziwa na Phelis. Wa nne wetu ni Gekara, na kusema kweli alitushinda sote kwa kufua, lakini siku hiyo, mwaka wa sabini na mbili, hakuwepo. Kabla ya hapo alikuwa amepeleka visu vya kupogolea kwa shamba la chai la huko juu, na watu walipoanza tu kukata, vyote vikapinda. Nyapara akamrudishia kwa gunia, watu wakiona. Tangu hapo Gekara alikuwa hajawasha moto, na tulisikia anauza vyombo arudi kwao Kisii.

Springi: Mimi nasema ni chuma. Ile springi alitoa kwa lori iliyoanguka karibu na Litein. Lori ikianguka, chuma inashtuka. Ikishashtuka, haisimami tena.

Tupa: Chuma inashtuka? Iko na roho?

Springi: Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Tupa: Nyoka ameingilia wapi hapo?

Springi: Lori ililala, kisu pia imelala. Wewe unataka nikuchoree?

Tupa: Wacha maneno. Shida ni mpini.

Mimi: Mpini gani? Wangu?

Tupa: Sijataja mtu. Lakini mti ukiwa mbichi, unakunywa. Kisu imelala kwa stoo, mti unanyonya nguvu ya chuma polepole, polepole. Asubuhi unashika kitambaa.

Mimi: We Ogeto! Hiyo mti ya mutamaiyo niliikausha juu ya jiko ya mama watoto mpaka akanigombeza kwa sababu ya moshi! Inanyonya nini?

Tupa: Kidole kimoja hakivunji chawa, mzee.

Mimi: Na chawa ni nani sasa?

Nilikasirika kabisa. Mpini wangu unaweza kuoza, unaweza kupasuka, lakini kuniambia mti unakunywa chuma, hapana. Phelis akaniongezea chai ninyamaze.

Phelis: Nyinyi wote mnapotea. Si kisu, si mpini. Ni hiyo chai yenyewe. Siku hizi wanamwaga mbolea ya ng'ambo, na ndani ya mbolea kuna unga wa chuma. Shina la chai limekuwa chuma. Sasa kisu kimekutana na kaka yake mkubwa, kimeinama kumsalimia.

Springi: Ee, Phelis!

Phelis: Unacheka? Na heshima si utumwa?

Springi: Sicheki. Nafikiri. Vile visu vilipinda upande gani?

Mimi: Upande wa chini, nasikia.

Springi: Na chini kuna nini? Kuna kiwanda. Na kiwanda ina nini ndani? Sumaku. Ile dainamo kubwa. Wakiwasha, kila chuma hapa kwetu Konoin inageuza uso.

Tulimgeukia Tupa, maana yeye ndiye anafanya kazi huko. Nilingoja amkatize. Tupa akakuna kidevu.

Tupa: Mimi singesema. Lakini kweli, spana zangu huwa sizipati mahali niliziacha.

Springi: Mnaona? Samaki mkunje angali mbichi!

Mimi: Na Gekara ataenda kweli?

Springi: Ataenda. Mimi huruma ninayo, jamani, msione hivi. Lakini ile kipande ya reli anafulia juu yake, akiiuza ni yangu. Nimeshasema mapema. Reli namna ile huwezi pata tena.

Hapo ndipo tukasikia wilibaro ikilia. Alikuwa Nyanchoka, mke wa Gekara, sisi tunamwita Mama Orina. Anasukuma peke yake, na ndani kuna ile kipande ya reli. Jasho lilikuwa limemjaa usoni.

Tupa: Karibu, Mama Orina. Phelis, mpe mama chai.

Mama Orina: Sitaki chai. Nimeambiwa mnunuzi yuko hapa.

Springi: Yuko, mama. Ni mimi.

Mama Orina: Wewe! Na si ni wewe ulileta neno kutoka kwa nyapara?

Springi: Nilikuwa napita huko, akanituma. Alisema wanataka visu ya kupinda. Nikafikisha hivyo hivyo. Sikuongeza kitu.

Mama Orina: Hukuongeza. Baba Orina akakuuliza, ipinde kweli? Ukasema ndiyo, ipinde. Yeye kisu yake haijawahi kupinda tangu nimjue. Lakini akasema kazi ni ya mwenyewe, labda huko wana ukataji mpya. Akafua zimenyooka, akazirudisha motoni, akazizika kwa majivu zipoe zenyewe, zilainike. Alifanya na roho ikimuuma, akiniambia, mama, naharibu chuma nzuri. Sasa soko nzima inamwita mjinga. Nyinyi ni watu wa visu. Niambieni basi: kisu ya kupinda ni ile imepinda, ama ni ile inapinda?

Kisu cha kupogolea tunakijua sote: ncha imepinda kidogo, makali hayalegei. Lakini kwa Kiswahili chetu cha huku, neno ni moja tu. Phelis aliangalia sufuria. Mimi niliona haya, kwa sababu tangu Gekara arudishiwe gunia, hakuna hata mmoja wetu aliyefika kwake.

Springi: Mimi nilisema vile nilivyoambiwa.

Mama Orina: Hiyo si jibu.

Springi: Sijui, mama.

Mama Orina: Basi haiuzwi.

Akageuza wilibaro. Springi akaruka kutoka kwa benchi, akashika mkono mmoja wa wilibaro.

Springi: Wacha nikusukumie mpaka nyumbani.

Mama Orina: Toa mkono. Wewe panda kwa nyapara sasa hivi, umwambie visu zake zitafuliwa tena. Na akikueleza vile anataka, usishike maneno. Mwambie akuchoree chini.