Sikio la Maria na Sikio la Yosefu

Kijiwe cha Kiboriloni kiko pale barabara inapoachana na soko, ubavuni mwa kibanda cha fundi baiskeli, na benchi lake ni ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya matofali. Ubao umepinda katikati kwa uzito wa hoja. Wanaokaa hapo karibu wote wana mikahawa nyumbani kwao mlimani, wameipalilia tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuonja kahawa yake mwenyewe. Wanakuja kuinunua huku chini kwa Filemon, kikombe kisicho na mkono, kisha wanalalamika kuwa ni chungu. Filemon haongei, anamimina tu. Na hakuna jambo lililowahi kuletwa kwenye ubao ule likaondoka likiwa dogo kama lilivyokuja.

Alhamisi moja ya mwaka elfu mbili na mbili, aliyeleta jambo ni Primus, fundi baiskeli mwenyewe, mtu wa Kilema, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya parokia. Kijiweni wanamwita Mtangulizi, na jina hilo halijampendeza hata siku moja. Lilitokana na kaseti. Miaka mitano nyuma kwaya ilirekodi kaseti yake ya kwanza. Kwenye wimbo wa tatu kwaya nzima inatakiwa inyamaze kidogo, kisha iingie kwa pamoja na neno "Twende". Mtu mmoja alitangulia. "Twe", moja, nene, peke yake, kanisa kimya. Watoto wa Kilema walijua kuiiga ile "Twe" kabla ya kujua Baba Yetu. Kwa kuwa ilikuwa nene, watu wakaamua ni ya mwanaume. Na kwa kuwa Primus ndiye mwenye pupa, wakaamua ni yake.

Sasa Jumamosi kwaya ilikuwa inarekodi kaseti ya pili. Mwalimu wa kwaya, Vedastus, alikuwa amemwita pembeni na kumwomba, kwa upole uliouma kuliko tusi, asimame mstari wa nyuma afumbue mdomo bila kutoa sauti. Mtu mzima, miaka ishirini kwenye kwaya, afumbue mdomo kama samaki. Tangu hapo usingizi ulimpaa Primus. Na kilichomkosesha raha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama hakutangulia.

– Nataka hedifoni, alisema, akaweka ubaoni wokmani ya mtumba na ile kaseti. Ndogo, za kuchomeka sikioni. Na nisiuziwe takataka.

Maneno hayo yalimlenga Ronald, kijana anayetembeza bidhaa zikiwa zimening'inia shingoni, ambaye kila anachouza kimetoka Dubai. Ndiyo maana wanamwita Dubai.

– Mzee wangu, umefika, alisema Dubai. Hizi nyekundu hapa, besi tupu. Ukiweka unaisikia mpaka kwenye magoti.

– Nunua za kuvaa kichwani, alisema mzee Elimringi. Huyu ni Mlutheri, karani mstaafu, jina lake la kijiweni ni Bunge kwa sababu hajui kufunga hoja. – Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Yaani chombo cha kichwani kimekizidi cha sikioni.

– Meku, mzee wetu, hiyo methali haisemi hivyo.

– Inasemaje?

Hakuna aliyekuwa na muda wa kueleza, maana Rogath alishaanza. Rogath alifanya kazi kiwanda cha sukari mpaka akastaafu, wanamwita Sukari, na hakuna kitu duniani asichokiona kwa jicho la kiwanda.

– Hizo za kuchomeka zina raba, alisema Sukari. Sikio lina joto. Raba ikipata joto inalainika, ikilainika inashuka. Kiwandani kulikuwa na jamaa alichomeka wiki nzima, siku ya saba akakohoa mpira.

– Mpira wa kuchezea?

– Mdogo. Lakini mpira.

– Mzee Sukari, unaniharibia biashara, alisema Dubai.

– Mimi siharibu. Mimi naeleza sayansi.

Primus alisubiri wanyamaze kidogo, akawaeleza shida yake. Siku ya kurekodi, fundi mitambo kutoka mjini alisimamisha maiki mbili kanisani. Moja upande wa wanawake, kwenye sanamu ya Bikira Maria. Nyingine upande wa wanaume, kwenye sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Kwenye redio ya nyumbani yote yanachanganyika yanakuwa uji. Lakini fundi aliwaambia kwamba kwenye hedifoni nzuri kila upande unaingia sikio lake.

– Kwa hiyo nikisikia "Twe" kwenye sikio la Yosefu, basi ni mimi, au ni mwenzangu wa pembeni, alisema Primus. Nikiisikia kwenye sikio la Maria, mimi ni mtu safi. Jumamosi nampelekea mwalimu, asikie mwenyewe, niimbe.

Ubao ulitikisika kwa watu kusogea karibu. Hii sasa ilikuwa kesi.

– Sisi Walutheri mambo haya hatuna, alisema Bunge. Sisi tunasoma noti.

– Nyinyi hamtangulii kwa sababu mnasinzia, alisema Sukari.

Primus alichomeka zile nyekundu. Kwanza alitabasamu. Kwa mara ya kwanza maishani aliisikia sauti ya nne ikitamba, nene, imejaa, na kwaya iliyobaki imefunikwa kama viazi chini ya majivu. Akafikiri labda dunia imeanza kutenda haki. Kisha tabasamu likapungua.

– Akina mama wote wameota ndevu, alisema. Hata wa sauti ya kwanza wanaimba besi. Na sikio hili linasema kilekile linachosema hili.

– Ndiyo ubora wake, alisema Dubai. Masikio yanakubaliana. Hakuna ugomvi.

– Mimi nautaka ugomvi.

Dubai akatoa nyingine, nyeupe, akazipangusa kwa pindo la shati. Bunge alizidaka kabla ya Primus, akazichomeka, na tangu zilipoingia akaanza kuongea kwa sauti ya mtu aliyeko ng'ambo ya mto.

– NAONA UPANDE MMOJA KIMYA.

– Meku, tuko hapa hapa.

– NASEMA UPANDE MMOJA HAUNA KITU.

Alizichomoa, akazitazama, akamrudishia Dubai. – Sikio la kufa halisikii dawa, alisema.

Wote wakamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza methali ya Bunge kukaa mahali pake, na hata Filemon alisimamisha birika hewani.

– Hiyo bei ni nusu, Dubai akajitetea. Ukitaka sikio moja unalipa la sikio moja.

– Dogo, alisema Primus, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. Mimi Jumamosi nasimamishwa nyuma kama mwizi wa sadaka. Nitafutie ya kweli.

Dubai alimtazama usoni, akaacha maneno ya biashara. Akapekua begi, akatoa moja nyeusi, nyembamba, haina hata boksi. Akaonyesha kipini cha waya, kile kinachochomekwa kwenye wokmani.

– Tazama hapa. Hizi nyekundu zina mstari mmoja mweusi kwenye kipini. Hii ina miwili. Yenye miwili inatenganisha. Besi haina sana, sikudanganyi, na waya wake ni mfupi. Lakini kila sikio litapata la kwake.

– Mbona hukuitoa tangu mwanzo?

– Ni ya bei ndogo, mzee. Kitu cha bei ndogo unakisifiaje?

Primus akaishika. Sasa likazuka tatizo jipya, nalo ndilo lililowapatia uhondo hasa. Vile vidude viwili vilifanana kama mapacha. Hakuna herufi, hakuna alama, hakuna cha kulia wala cha kushoto.

– Hapa ndipo kiwanda kinapokuibia, alisema Sukari. Wino wa herufi ni ghali kuliko waya. Wanatengeneza za kulia Jumatatu mpaka Jumatano, za kushoto Alhamisi mpaka Jumamosi. Hii waliifunga Jumapili.

– Na hata kama ingekuwa na alama, alisema Bunge. Kulia kwa nani? Kwa mwimbaji au kwa msikilizaji? Mimi nikikutazama, kulia kwangu ni kushoto kwako. Basi ukigeuka unakuwa na hatia, ukirudi unakuwa huna.

– Kwa hiyo asimame upande gani akisikiliza?

– Atazame mlima. Kila kitu huku kinapimwa kwa mlima.

– Mlima leo una mawingu.

– Basi asubiri yaondoke.

– Akigeuka ghafla, akaongeza Sukari, sauti zinagongana katikati ya kichwa. Hilo halina tiba.

Primus alikuwa ameshawaacha. Alikumbuka kwamba wimbo wa tatu unaanza na wanawake peke yao, ubeti mzima. Basi litakaloanza kusikia ndilo sikio la Maria. Hakuwaambia, maana wangemwongezea shauri. Akavichomeka, akabonyeza, akafumba macho.

Wanawake walianza kushoto. Safi kabisa, bila mkwaruzo, mpaka akasikia mtu akimeza mate. Kisha wanaume wakaingia kulia, na yeye miongoni mwao, akajisikia anavyoburuta maneno. Kwa muda huo alisahau kesi. Hakuwahi kujua kwamba waliimba vizuri hivyo. Kisha wakanyamaza wote, na katika ule ukimya ambamo mioyo ya watu wa Kilema ilisubiri mkono wa mwalimu, sikio la kushoto likasema: "Twe."

Akarudisha. Akasikiliza tena. Sikio la Yosefu kimya kama kaburi. Sikio la Maria: "Twe."

Alikuwa mtu safi. Miaka mitano ya kuchekwa msibani, harusini, kwenye foleni ya kuuza kahawa, yote haikuwa haki yake. Furaha ilianza kumpanda, ikafika kifuani, ikakwama. Maana sauti ile haikuwa ya kiume hata kidogo, ilikuwa nene tu, nene ya mtu aliyeamka mapema. Kila siku alfajiri mtu mmoja husimama mlangoni na beseni lake kichwani, akimwambia "Twende", na Primus angeitambua sauti hiyo hata kwenye soko la watu elfu.

– Vipi? alisema Bunge. Maria au Yosefu?

Primus akarudisha kaseti tena.

– Ametangulia nani? alisema Sukari. Sema basi, kahawa inapoa.

– Shikamoo mama, alisema Dubai.

Lukresia alikuwa amesimama mbele yao na beseni tupu la ndizi, soko limemwendea vizuri, anamfuata mumewe wapande nyumbani. Alitazama waya ulioning'inia kutoka masikioni mwa mumewe. Alitazama kaseti.

– Marahaba. Baba Evelyn, mnasikiliza nini?

Primus akachomoa hedifoni taratibu.

– Ule wimbo wa tatu, alisema.

– Na umesikia.

– Nimesikia.

Lukresia akateremsha beseni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya pale: akakaa kwenye ubao. Bunge alisogea bila kuombwa.

– Walisema ni dume, alisema Lukresia. Siku ileile ya kwanza, nje ya kanisa, wanacheka, dume gani hili lenye haraka. Ningeinua mkono niseme dume ni mimi? Nikasema nitakwambia kesho. Kesho yake wakakuita Mtangulizi, ukanyamaza. Nikajua labda na wewe ulitangulia kidogo.

– Sikutangulia.

– Ulivuta pumzi.

– Nilifanya nini?

– Ulivuta pumzi. Mimi mkono wa mwalimu siuoni pale niliposimama, kinara cha mishumaa kinaukinga. Nikawa nakutazama wewe, uko ng'ambo kwa Yosefu. Kifua chako kikapanda, nikajua wakati ndio huu. Nikaimba. Lukresia akawageukia wale wengine. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, niambieni. Aliyetangulia ni nani? Aliyeimba, au aliyevuta pumzi?

Bunge alifumbua mdomo, akatafuta methali, hata ya kukosea, akaukosa mwanzo wake. Sukari alitazama chini ya kikombe. Hoja ililala palepale ubaoni na hakuna aliyeigusa.

– Mimi sijasikia kitu, Bunge alisema mwishowe. Umri huu masikio yananikatalia.

– Mimi mashine za kiwanda zilinimaliza zamani, alisema Sukari.

Dubai tu ndiye hakuwa bado amejifunza uziwi wa watu wazima. Alijikohoza.

– Ninazo nyingine, mama, za bei juu kidogo. Zile hata pumzi inasikika. Tunaweza kuhakikisha.

– Hizi zinatosha, alisema Primus.

Alikuwa anauzungusha waya kwenye vidole, anaitafuta hasira yake. Alikuwa na haki nayo kabisa. Lakini kila akiinyooshea mkono alikutana na jambo lingine: kwaya nzima inamtazama mwalimu, na mtu mmoja anamtazama yeye. Jambo hilo lilimfurahisha sana, na kufurahi kwenyewe kulimuudhi.

– Jumamosi nitamwambia mwalimu, alisema Lukresia. Sitaki usimame nyuma.

– Utamwambia dume ni wewe?

Lukresia akainamisha uso, akanyoosha kitenge magotini ambacho hakikuwa kimejikunja.

– Acha, alisema Primus. Nitafumbua mdomo bila kutoa kitu, kama alivyotaka.

– Na mimi nitaanzaje?

Primus alisimama, akamtwisha beseni lake.

– Mwalimu amekataza sauti, alisema. Pumzi hajakataza. Wewe nitazame tu.