Jiwe la Mashamba na Ndoo ya Gaston

Mheshimiwa Bourgmestre, kiongozi wa komini yetu, Mkuu wa shule, mapadri na mashehe mliokuja pamoja, wakuu wa kampuni, Mama Abigaëlle, mke wa anayestaafu, batata na bamama, baba na mama zetu, wanafunzi wa Dilala: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na ambaye sikumtaja asinune, karatasi yangu ni ndogo.

Mimi ni Farida Moussa, mkuu wa laboratwari ambamo Tata Mukalay amefanya kazi miaka thelathini na miwili. Leo anastaafu, na mkusanyo wake wa mawe ya kalsiti, mia mbili na kumi na manne, unaingia katika kabati hili la vioo la shule. Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu, kisha nitaongeza jambo ambalo sikuombwa.

Wanafunzi, kalsiti ni nini? Kwetu kazini ni adui. Shaba na kobalti tunazitoa kwenye mawe kwa asidi, na kalsiti huinywa asidi hiyo bure. Kwa hiyo kazi ya Tata Mukalay ilikuwa kudondosha tone la asidi juu ya jiwe: likitoa povu, ni kalsiti, litupwe. Alitupa siku sita. Jumapili, baada ya misa, alipanda taxi-moto mpaka kwenye marundo yaleyale ya mawe yaliyotupwa, akaokota. Wachimbaji walimcheka: "Tata, hii jiwe haina cuivre, haina shaba, unapeleka wapi?" Naye akawajibu: "Napeleka ku nyumba. Hata mi sina cuivre, na bibi yangu Abigaëlle ananipokea."

Nani mwingine kati yetu angetunza kitu ambacho analipwa ili akitupe? Na kila jiwe lina karatasi yake: lilitoka wapi, lini, na lilipatwa na nini.

Mwaka 2009 aliokota kwenye mgodi wa Mashamba kalsiti ya rangi ya waridi, kubwa kama mkate, yenye ncha kali pande zote. Rangi ile hutokana na kobalti, na Tata Mukalay hakuwa amepata nyingine kama hiyo, wala hajapata mpaka leo. Aliileta laboratwari ikiwa na udongo, akamwomba Gaston, mwoshaji wetu wa mawe, aisugue polepole kwa maji na brashi laini.

Gaston aliitwa hospitali kumchukua mtoto wake kabla hajaanza. Mimi nilikuwa na diploma mpya na hamu ya kuonekana ninafaa. Laboratwarini tunaosha kila kitu kwa asidi, chupa na sinki pia. Nikaliweka jiwe katika ndoo ya Gaston, nikamimina asidi, nikarudi mezani kwangu kudondosha matone juu ya mawe mengine na kuandika: povu, povu, povu. Niliporudi kwenye ndoo, ncha zilikuwa zimekwisha. Jiwe lilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Tata Mukalay aliuliza: "Nani alitia hii mu asidi?" Nikajibu: "Ndoo ni ya Gaston."

Sikusema uongo. Ndoo ilikuwa yake. Gaston alikana, na hakuna aliyemwamini, kwa sababu shahidi pekee aliyeulizwa ni mimi, nami nilinyamaza. Wiki iliyofuata alihamishiwa kwenye mashine ya kusaga mawe, akavuta vumbi lile miaka tisa. Mimi nilipandishwa cheo mara tatu. Naona haya, na haya hiyo nimekaa nayo vizuri mno kwa miaka mingi.

Jana nilipanga mawe haya kabatini. Karatasi ya jiwe la Mashamba inasema: "Liliharibiwa na Gaston." Watoto wa shule hii wangeisoma miaka hamsini. Nimeitoa. Nimeandika nyingine, na Tata Mukalay ataisoma sasa hivi, pamoja nanyi, kwa mara ya kwanza: "Kalsiti yenye kobalti. Mashamba, Agosti 2009. Ncha ziliyeyushwa na Farida Moussa. Gaston hakuwapo."

Tata Mukalay, asante kwa miaka yako, na kwa kutufundisha kuandika kila jiwe lilipatwa na nini.

Tata Gaston, nakuona pale nyuma, karibu na mlango. Sikuombi msamaha hapa. Mbele ya watu wote hawa usingeweza kuninyima. Nitakuja kwako kesho, peke yangu, na huko utaweza kukataa.

Nyote mliovumilia kunisikia mpaka hapa, nawashukuru.