Macho Kwanza, Saini Baadaye: Mama wa Lango la Mizigo Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuzunguka mashine za watu kabla hazijawa zetu, mpokeaji mkuu wa mizigo wa yadi hii anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni, alasiri. Saa hiyo ameichagua mwenyewe, kwa kuwa malori ya mchana yanakuwa yameshashusha na hakuna atakayepata kisingizio cha kumrudisha langoni. Hata hivyo tunamjua. Akisikia breki za lori zinalia nje, ataiacha keki, ataiacha hotuba ya meneja, na kwenda kuchungulia kimeletwa nini.

Alipoajiriwa tulimwita Dada Macho. Alipopata watoto akawa Mama Macho, na siku hizi wajukuu wa mlinzi wanamwita Bibi Macho bila kufundishwa na mtu. Jina limetokana na sheria yake moja: macho kwanza, saini baadaye. Jenereta, kompresa, tingatinga, hakuna kilichopita lango hili kabla hajakizunguka mara moja kwa kulia na mara moja kwa kushoto, kiganja kikipapasa bati kama mama anayepima homa ya mtoto. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu, anavyosema, palipobonyea hujificha upande wa kivuli, na kivuli ukikiendea upande mmoja tu kinakudanganya.

Wenye haraka walimjaribu. Mleta mizigo mmoja, mwenye ulimi wa asali, alikuja na soda baridi ya kumlainisha ili asiangalie nyuma ya kompresa. Mama Macho aliipokea, akaishukuru, akainywa yote huku akiendelea kuzunguka. Alipofika nyuma na kuona mpasuko, alimrudishia chupa tupu na kompresa yake vyote pamoja. Soda ni soda, alisema, na saini ni saini.

Wala asidhani mtu kwamba alikuwa na macho ya kuona makosa ya wageni tu. Dereva wetu wa foklifti, ambaye kwa mwendo wake tunamwita Kinyonga, siku moja aliitoboa rejeta ya tingatinga jipya humu humu yadini, dakika chache baada ya kupokelewa salama. Kikao kidogo kikakaa nyuma ya stoo, ikapendekezwa kwamba barabara ni mbovu na barabara haina mdomo wa kujitetea. Mama Macho alikataa katakata. Alisema mficha uchi hazai, na akaripoti kwamba limeharibikia mikononi mwetu. Bosi alinuna wiki nzima. Kinyonga yupo nasi mpaka leo, na sasa anaendesha taratibu zaidi, jambo ambalo hatukujua linawezekana.

Lakini muulize yeyote hapa, atakwambia habari ya Mama Macho ni habari ya jenereta.

Ilikuja ndani ya sanduku la mbao refu kama kibanda cha mlinzi, juu ya lori la dereva mmoja mwembamba, mpya kazini, aliyeacha injini ikinguruma ili tuone ana haraka. Nje sanduku lilikuwa safi, hata mkwaruzo hakuna. Dada Macho, wakati huo bado dada, akalizunguka kulia, akalizunguka kushoto, akasimama. Ubao wa chini ulikuwa na tone la mafuta. Akaagiza sanduku lifunguliwe pale pale juu ya lori, kabla ya kushushwa. Dereva akapandwa na hasira.

"Dada, wewe una roho ya jiwe! Utie saini nikimbie, au nilale hapa?"

Lilipofunguliwa, aliyekuwa na haraka akakaa chini kwenye ngazi ya lori lake. Rejeta ilikuwa imebonyea, na mguu mmoja wa jenereta umemeguka kipande kipana kama kiganja. Injini akaizima mwenyewe. Kumbe tajiri wake alikuwa ameshamwonya: mzigo mmoja tu ukifika umevunjika, aweke funguo mezani aende nyumbani. Aliapa kwamba hakugonga hata jiwe. Mtunza stoo wetu akanong'ona kwamba hajawahi kumwona dereva asiyeapa.

Kwetu sisi njia nyepesi ilikuwa wazi. Ungeandikwa mstari mmoja tu, kwamba imevunjikia njiani, nasi tungeletewa nyingine bila mabishano. Hasara yote ingemwangukia yule mwembamba kwenye ngazi. Meneja alikuwa ameshaitoa kalamu mfukoni.

Dada Macho akavua viatu, akapanda lori, akaingia ndani ya sanduku na tochi, akatoweka. Tulimsikia akipapasa na kupiga chafya. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kichwani na mikono mitupu, na uso wake unacheka.

"Sahani ikivunjikia chumbani, vigae utaviokota chumbani," alisema. "Humu hamna hata chembe."

Kila mtu akaelewa kwa zamu yake. Misumari ya sanduku ilikuwa ile ile iliyopigwa na wauzaji, haijaguswa na mtu kabla yetu. Kama jenereta ingevunjikia barabarani, kipande kile na rangi iliyobanduka vingekuwa chini ya sanduku. Basi ilivunjika kabla ya kufungwa, na vigae vimebaki kwao. Wauzaji walibisha mpaka wakachoka. Mwishowe mtu wao mmoja akafagia chini ya rafu ya bohari lao, akakikuta kipande cha mguu kimelala. Jenereta mpya ikaja, na funguo za lori zikabaki mfukoni mwa dereva. Siku alipopata habari hiyo alilia mbele ya watu, wala hakuona haya.

Tangu hapo kila safari ya kuja kwetu aliigombania yeye. Nati za kutoshea mfuko wa shati alizileta kwa lori zima. Yadi yote iliona kinachoendelea, isipokuwa mwenye macho, kwa kuwa alikuwa anaangalia mzigo.

Alipokuja kuona, ikawa harusi. Na hapo ndipo mazoea yalipomuumbua. Alipopewa kalamu atie saini ya ndoa, aliiweka mezani, akamzunguka bwana harusi kwa kulia, akamzunguka kwa kushoto, akapapasa bega la suti. Ukumbi uliangua kicheko. Mama mkwe, akidhani ndiyo desturi ya ukoo wa bibi harusi, akasimama naye azungukwe. Akazungukwa. Ndipo saini ikatiwa.

Basi Ijumaa Shemeji, maana ndivyo yadi nzima inavyomwita, anakuja na lori lake kumchukua mkewe. Yatakuwa makabidhiano, nasi tumefundishwa kutosingizia barabara. Tunakiri wenyewe: magoti yake yanalia akipanda ngazi, na miwani imekuwa minene. Alipofika kwetu hayakuwa hivyo. Yameharibikia mikononi mwetu, na tunaomba radhi. Mengine yote ni mazima. Kicheko hakina ufa, na roho haijabonyea popote, tumepapasa pande zote.

Asante, Mama Macho, kwa kila mzigo mbovu uliotuepusha nao na kila mtu uliyemwokoa. Pumzika mpaka uchoke kupumzika, na uzee wako uwe mwepesi. Lori likishaondoka, ukihisi kuna kitu kimevunjika, usihangaike kutafuta vigae ndani ya gari. Vitakuwa hapa langoni, kwetu.

Shemeji, zunguka mara mbili ndipo utie saini.