Maana ya Tatu ya Mwalimu Wakiuru

Mwalimu Wakiuru anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu hapa Tetu kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo yote kiti cha darasani hakijamjua. Hufundisha akitembea, dasta mkononi, na anayemfuata kwa macho hutoka na maumivu ya shingo.

Sheria yake sote tunaijua: neno halifundishwi mpaka mwalimu awe amekiona kinachotajwa. Ilipofika zamu ya neno spring, aliwapeleka Kidato cha Pili kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba la majani chai, wakanywa maji kwa viganja. Akawapeleka gereji Nyeri mjini, fundi Mwai akaingia chini ya gari la maziwa na kuwaonyesha springi iliyokatika. Akawaeleza kwamba asili ni moja: Waingereza wa kale walitumia neno hilo kwa kuruka na kuchomoza ghafla. Maji huchomoza ardhini, chuma kilichobanwa huruka, na baridi kali ikiisha majani huchomoza mitini. Msimu huo nao ukapewa jina hilohilo.

Msimu wenyewe ndio uliomnyima raha. Sisi tuna mvua, kiangazi na ile baridi ya Julai. Kila mwaka alikiri kwamba maana ya tatu hawezi kuifundisha, hajaiona. Mercyline wa Kidato cha Pili alimhurumia: "Mwalimu, si ni ile tu ya maua ya kahawa ikitoka?" Akapata nusu alama.

Tangu Januari Wakiuru hakutulia. Bintiye Kagure, muuguzi Uingereza, alimwalika, lakini viza ikachelewa. Kagure akawa anapiga simu: miti imechanua, upepo unaangusha maua, ati mama akichelewa atakuta majani tu. Mwalimu alichungulia simu katikati ya kipindi, kosa ambalo mwanafunzi angefukuziwa.

Viza ilitoka Jumatatu. Tulimsihi mwalimu mkuu amruhusu atumie likizo iliyobaki, na Jumatano akapanda ndege. Kwa hiyo keki ya kumuaga tunaikata bila mwenyewe, na hatulalamiki. Angekuwepo, asingekaa.

Asante, Mwalimu, kwa subira uliyokosa. Tunakutakia maisha mema na viatu visivyoisha soli. Ni saa nane sasa, Kidato cha Pili wameizunguka simu ya mwalimu mwenzetu Bi. Tabby, wakikungoja upige kwa video kutoka chini ya miti hiyo uwafundishe maana ya tatu.